Aliyesema "Ni Mimi"

Kuna siku moja naikumbuka kila nisikiapo simu ya ofisini ikilia mfululizo. Nilikuwa kijana kama wewe, mwanangu, mhudumu wa mifumo ya kompyuta katika hospitali moja hapa Kigoma. Waliotengeneza mifumo walikaa ghorofani. Sisi wa kuihudumia, chini. Hatukujuana ila siku ya lawama. Kila badiliko lilisubiri kikao cha kuidhinisha, basi yakarundikana, yakaingizwa yote kwa mpigo. Moja likileta hitilafu, utalijuaje?

Mwenzangu Yasini, wa Kasingirima, aliingiza rundo moja, majibu ya maabara yakaacha kufika wodini. Alitoa taarifa mwenyewe, papo hapo, tukarekebisha kabla ya adhuhuri. Kikaoni mkuu wetu aliuliza neno moja tu: nani? Yasini akasimama, akasema ni yeye. Jumatatu iliyofuata meza yake ilikuwa tupu. Niliumia, lakini nilinyamaza kama wenzangu.

Rundo lililofuata likafanya vilevile. Safari hii kijana aliyeiona hitilafu hakusema. Alihangaika nayo peke yake, nasi tulioketi karibu naye hatukujua. Kule wodini mama mmoja wa Kidahwe alikuwa amempakata mwanawe, akingoja majibu ya damu ambayo maabara ilikwisha kuyatoa. Mtoto hakuifikia jioni.

Muuguzi mkuu, Bi Mwamini, akashuka ofisini kwetu. Tulimwamkia shikamoo, hakuitikia, na kwa mtu mzima wa Ujiji hiyo ni adhabu tosha.

"Mlimfukuza aliyesema," alisema. "Leo mnauliza kwa nini hakuna aliyesema?"

Akapanda ngazi kurudi kwa yule mama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila pale kifo kilimwendea asiyeficha kitu.

Miaka mingi baadaye nilisoma tafiti za hao wa DevOps, wanaotaka mtengenezaji na mhudumu wawe timu moja. Wameona kwamba mabadiliko madogo madogo, yakijaribiwa na kuingizwa mara kwa mara, huleta hitilafu chache na hurekebishika upesi. Kwamba kikao cha mbali cha kuidhinisha hakizuii ajali. Na kwamba panapopokewa vizuri habari mbaya, kazi hustawi. Nilisoma kwa uchungu. Bi Mwamini alikwisha kutuambia.

Kesho unakabidhiwa kitengo, mwanangu. Waketishe watengenezaji na wahudumu chumba kimoja. Usirundike kazi; usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfumo ukianguka, uliza imekuwaje. Nani aliyefanya, utamjua tu. Na atakayekuja mlangoni akitetemeka kusema "ni mimi", mvutie kiti kabla hajamaliza. Yasini hakuvutiwa kiti.

Mungu akupe masikio yasiyochoka, na asikuoneshe mama akingoja jibu ambalo mtu ameogopa kulisema. Nenda salama.