Chungu cha Samli

Nikisikia harufu ya samli inachemka kwa jirani, mikono huniuma kabla mate hayajanijaa.

Msimu mzima nilitikisa kibuyu cha maziwa mapajani mpaka siagi itengane. Mama aliichemsha, akaihifadhi chunguni. Hata kulamba mwiko alitukataza. "Chungu kikijaa tunauza," alisema. "Tunalipa kodi ya baba yenu na zile nguo za kaniki tulizokopa dukani." Basi ugali wa uwele tukaula na mlenda mtupu, kila siku mlenda.

Chungu kilibakiza vidole viwili tu kujaa, karani wa kodi akafika na askari wake, wamejaa vumbi. Tukawaamkia. Baba alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, wala hakuruhusu mtu ataje habari ya kuuza hata mmoja. Akaita, "Mama watoto, wageni wangu wale mlenda?"

Mama akaleta chungu.

Wakachota, wakala, wakachota tena, samli inawachuruzika mpaka kwenye viwiko. Baba anacheka, anawahimiza, "Kuleni, kwangu hakuna njaa!" Kilichobaki akawafungia kwenye kibuyu kidogo wakawapelekee watoto wao.

Karani akanawa, akajifuta vizuri, akafungua daftari.

"Haya mzee. Kodi yako."

Baba akageuka kumkodolea mama macho, kana kwamba yeye ndiye aliyekula. Mama akamimina maziwa ya asubuhi kwenye kibuyu cha kutikisia, akaniwekea mapajani.

"Tikisa."