Uvimbe wa Kifandugu

Enzi za Wajerumani kuna msimu mzima niliuza punda sokoni Tengeru nikiwa nimesimama, na watu wakadhani ni adabu. Ukweli, sikuweza kukaa. Juu ya kifandugu, pale mgongo unapoishia, palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la kanga. Mke wangu aliukanda kwa samli ya moto miezi miwili akidhani ni jipu. Lakini jipu lina ustaarabu: huiva, hupasuka, huondoka. Huyu mgeni alinenepa tu, na mguu wangu wa kulia ukaanza kuburuta.

"Twende kwa daktari wa bomani," akasema mke wangu. "Ukianguka, baba, mimi sikubebi. Nimeshakupima kwa macho."

Daktari, Mjerumani aliyeongea Kiswahili cha pwani kilichonishinda mimi Mmeru, alinilaza kifudifudi akahesabu mifupa ya mgongo kwa dole gumba, kama ninavyokagua punda. Nikamwomba arudie, hesabu ya mara moja siiamini. Akarudia. Kisha akatoa sindano.

"Nitakudunga miguuni na matakoni. Ukisikia, sema."

Sasa mimi, tangu nianze biashara, sijawahi kumwonyesha mnunuzi punda anayechechemea. "Nasikia," nikasema. "Nasikia. Hiyo nasikia sana!"

Mke wangu akaangua kicheko. "Baba, hiyo ya mwisho daktari ananawa mikono!"

Daktari hakucheka. Alichuchumaa usawa wa uso wangu. "Uvimbe huu umeota kwenye mfupa. Ni adimu, nimeusoma tu, sijawahi kuuona." Nikajivuna kidogo, kitu adimu hakikosi heshima sokoni. "Unabana mishipa ya fahamu. Nikijua ganzi inaanzia wapi, nitajua pa kukata. Ukinidanganya nitakata kwa kubahatisha, na hutatembea tena."

Ni kazi mtu kutaja kasoro za mali yake, tena mbele ya mkewe. "Rudia, Bwana Daktari."

Mke wangu alihesabu sindano kumi na nane. Mimi nilisikia kumi na moja. Nikasema kumi na moja.

Siku ya kupasuliwa aliniwekea puani kitambaa cha dawa ya usingizi, akaniambia nihesabu. Nilifika tisa, nikaitilia shaka saba, nikaanza upya. Nasikia aliongeza dawa mara mbili.

Wiki ya nne nilisimama, nimeshika ukingo wa kitanda. Mguu wa kulia ulitafakari, kisha ukaenda. Wa kushoto ukafuata. Mlangoni mke wangu alikuwa analia. Nikamuuliza mbona amenizibia njia.

"Pita," akasema, "pita nikuone."

Nikapita.