Kidole Gumba cha Evarista

Ukitaka kumkasirisha Evarista, mwambie raba zake mbovu. Mengine anavumilia: paa likivuja juu ya meza, mteja akijaribu jozi kumi na kuondoka na shukrani tu, mimi nikiimba. Lakini raba zake usiziguse. Naitwa Agnesi, nauza soksi meza inayopakana na yake pale soko la Mchikichini, mwaka wa tisa huu, na nimeona watu wazima na heshima zao wakitimuliwa pale kama kuku walioingia jikoni.

Alikuja Dar kutoka Masasi akiwa na miaka ishirini na moja, akaanza kwa kuosha viatu vya wafanyabiashara wengine nyuma ya soko. Aliosha miaka sita kabla ya kupata meza yake. Sasa ana arobaini na nne na anauza mitumba ya aina moja tu: raba za kukimbilia zenye soli nene ya sponji, za watu wanaokwenda mchakamchaka wa taratibu kila siku. Za mashindano hataki hata kuziona, anasema ni za watu wenye haraka na ubishi. Na yeye mwenyewe, nisiwafiche, alikuwa hajakimbia tangu shule ya msingi.

Hakuhitaji kukimbia, alikuwa na kidole gumba. Robota la mitumba likifunguliwa alfajiri viatu vinamwagwa chini, watu ishirini wanavamia, na kabla hujavuta pumzi ya tatu uwe umeshaamua. Evarista anaingiza mkono ndani ya raba, kidole kinabonyeza kisigino, kisha katikati, kisha pale vidole vya mguu vinapokaa. Sponji ikibonyea na kurudi taratibu, anachukua. Ikiwa ngumu, au ikibaki imebonyea, anatupa nyuma bila kugeuka. Anaangalia soli imelika upande gani, anaikunja mara moja, ananusa gundi, imekwisha hiyo. Wapo wanaume pale wanaoacha kuchagua wakabaki kumtazama yeye mkono wake unakwenda wapi.

Baada ya hapo ni kuosha, na kwenye kuosha ndiko alikopata jina. Maji ya moto, sabuni ya unga, mswaki wa zamani, soli inapigwa dawa ya meno mpaka inang'aa. Kisha raba zinapangwa juu ya bati la stoo, kutwa nzima, kwenye jua kali, hata paka bati hilo hakanyagi. Jioni zimekauka kau, nyeupe pee, unadhani zimetoka dukani. Mchikichini nzima tunakausha hivyo, lakini nyeupe za Evarista zilikuwa nyeupe za peke yake, na alikuwa na maringo nazo.

Mzee Ramniklal alianza kuja mwanzoni mwa mwaka. Ni mtu wa miaka sabini na moja, alikuwa na duka la vitambaa kabla ya kupumzika, anakaa na mkewe Jashoda ghorofa ya tatu kule Mchafukoge. Sukari ilikuwa imempanda, daktari akamwambia akimbie mdogomdogo, nusu saa kila siku, asikose. Akanunua jozi nyeupe kwa Evarista, akaanza kuzunguka viwanja vya Mnazi Mmoja asubuhi. Alianza kwa kuogopa, akaishia kupenda, mpaka akawa anatusimulia habari za mizunguko yake kama kijana aliyepata mchumba.

Wiki tatu baadaye alirudi na raba mkononi.

"Shikamoo, mzee," Evarista akasema.

"Marahaba, mama Eva. Mama, mimi si fundi, lakini hiki kiatu ni ubao. Magoti yananiuma."

Evarista alicheka, akambadilishia. Akarudi tena na ile jozi ya pili, nyeupe vilevile, maneno yaleyale. Safari hii Evarista hakucheka. Kulikuwa na wateja, na wateja walikuwa wanasikiliza.

"Mzee wangu, hizi nimezichagua kwa mkono wangu. Kiatu hakina tatizo. Pengine ni miguu. Umri nao."

Mzee aliangalia miguu yake. Akaiangalia muda, kisha akasema, "Pengine," akaweka raba juu ya meza na kuondoka. Hela hakudai. Mimi nilimkonyeza Evarista kwamba umemkomesha, na leo naona aibu kuandika hilo.

Hatukumwona tena kwa wiki tano, sita. Siku moja akapita na mkewe wakitoka Kariakoo kununua mboga. Alikuwa na kandambili, mkono mmoja begani kwa Jashoda.

"Umeacha kukimbia, mzee?" Evarista akamuuliza.

"Nimeacha, mama. Ulisema kweli, miguu imezeeka." Alisema kwa adabu kabisa, bila kinyongo, akatuaga.

Basi, amani ikaisha mezani kwetu. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana matusi Evarista anajua kuyajibu. Sasa akawa hakai. Anasimama, anakaa, anapanga raba, anazipangua. Akatoa zile jozi mbili za mzee, akazigeuza, akazirudisha chini ya meza, akazitoa tena. Alinunua mkate akaubonyeza. Alibonyeza maparachichi ya watu kwenye ndoo mpaka mwenye ndoo akahama. Akaja kubonyeza soksi zangu.

"We Evarista, unanichosha bwana. Soksi ina sponji gani?"

"Yule mzee si mwongo, Agnesi."

"Basi kiatu ndicho kiongo."

"Na mimi si mwongo!" akafoka, akaondoka kwenda kuzunguka soko, akarudi hajanunua kitu. Hivyo hivyo siku nne. Ya tano akatangaza kwamba kesho anakwenda kukimbia mwenyewe, kwenye raba za aina ileile, ajue moja.

Jozi aliyoipata ya saizi yake ilikuwa na kisa. Siku ya kuanikwa, raba ya kulia iliteleza kwenye bati ikaangukia nyuma ya stoo, kwenye uwazi baina ya kuta mbili ambako jua halifiki. Tuliivua kwa kijiti siku ya pili, bado mbichi, ikamalizikia kukauka chini ya meza. Haikung'aa kama mwenzake, na kwa sababu hiyo Evarista alikuwa hajaiweka mbele ya wateja.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alianzia Mchikichini kuelekea Mnazi Mmoja, suruali ya michezo na kitenge juu yake. Mimi nilimfuata na bajaji. Msinicheke. Zamani nilikuwa natoka Buguruni mpaka sokoni kwa miguu, nilikuwa mwepesi, lakini nyonga zilianza kuniuma nikaacha, nikanenepa, ndiyo maisha. Dereva wa bajaji alitaka kujua yule mama amekosa nini mpaka tunamfukuza.

Alikimbia vibaya. Nilidhani ni ugeni, mtu wa miaka arobaini na kitu hajui hata mikono aiweke wapi. Lakini kulikuwa na kitu kingine, mwendo wake ulikuwa wa nusunusu, anatua vizuri na mguu wa kulia, na wa kushoto unagonga. Nilikuwa nausikia ukigonga nikiwa ndani ya bajaji. Alisimama, akavua raba ya kushoto, akaikung'uta kutafuta jiwe. Hakuna jiwe. Akavaa, akaendelea, kugonga kukaendelea.

Tulipofika Mnazi Mmoja alikaa ukingoni mwa barabara, akavua zote mbili. Akaingiza mkono ndani ya moja, kisha ndani ya nyingine. Akarudia. Uso wake sikuupenda.

"Agnesi, bonyeza hii."

Nikabonyeza. Kidole kilizama kidogo, sponji ikakisukuma kurudi.

"Na hii."

Ya kushoto ilikuwa ngumu kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Jozi moja, robota moja, amezichagua kwa dakika moja.

"Ile laini ndiyo iliyoanguka nyuma ya stoo," nikasema, na nilijuta kabla sijamaliza.

Watu wa mazoezi walikuwa wanatupita, wengine wana raba nyeupe pee, na Evarista alikuwa anawaangalia miguuni mmoja mmoja.

"Nabonyeza zikiwa chafu," akasema mwishowe. "Nikishaosha sibonyezi tena. Naangalia weupe tu. Mimi ndiye ninayeziua, Agnesi. Naziua kwenye bati, halafu naziuza."

Nilitaka kumwambia sote tunafanya hivyo, sote tunapima kwa kidole kabla na kwa macho baadaye, na hakuna aliyewahi kufa. Lakini alikuwa ameshainuka na raba mkononi. Alipanda bajaji peku. Sokoni alibonyeza kila raba iliyokuwa mezani, jozi thelathini na moja, akaweka upande mmoja zilizo hai. Zilikuwa tatu.

Kesho yake robota lilifunguliwa. Alipigana pale chini kama mtu aliyeibiwa, akatoka na jozi moja, namba arobaini na mbili, soli nene, udongo mwekundu wa huko ilikotoka umeganda pembeni. Nikamtengea ndoo ya maji. Hakuigusa. Alizitia zile raba kwenye mfuko wa plastiki zilivyo.

"Unampelekea mzee matope?"

"Nikiosha, kukauka kivulini ni siku tatu. Siwezi siku tatu."

Evarista wa weupe, Evarista aliyewahi kumfukuza msaidizi kwa doa la ukubwa wa punje ya mchele. Niliacha meza yangu kwa jirani, nikachukua jozi ya soksi za pamba, nikamfuata mpaka Mchafukoge.

Jashoda ndiye aliyefungua mlango. Ni mama mwembamba, sari ya nyumbani, miwani kichwani. Alitukaribisha ndani lakini Evarista hakuvuka kizingiti. Alisalimia, kisha akasema yote palepale mlangoni, bila kujipamba: kidole, maji ya moto, bati, kile kiatu kilichoanguka. "Nilimwambia mzee ni miguu. Haikuwa miguu. Ilikuwa mimi."

Jashoda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kiti cha mbao kilichokuwa karibu na dirisha.

"Miezi miwili amekaa pale," akasema. "Sindano za sukari zimeongezwa. Wiki jana ameniambia nigawe nguo zake za kukimbilia, mwili umeshaaga. Mimi nikamwitikia. Nikazikunja, nikazitia kwenye mfuko."

Evarista alifunika mdomo kwa mkono. Jashoda akachukua zile raba, akaangalia udongo wake, nikajua sasa zitarushwa ngazini. Akaingiza kidole gumba ndani, akabonyeza kama anavyopima unga wa chapati. Akamwita mumewe kwa Kigujarati.

Mzee alitoka na kandambili zake. Aliona raba, akamwona Evarista, akatabasamu kwa kuchoka. "Mama Eva, mimi nimestaafu."

"Vaa tu, mzee wangu. Kama ni ubao, nipige nazo."

Alikaa kwenye ngazi. Nilimpa soksi. Alifunga kamba taratibu, akasimama, akajipima uzito mguu huu na mguu huu. Ghorofa lile la zamani lina baraza ndefu inayopita milango yote. Akatembea mpaka mwisho wake, akageuka, na kurudi alirudi akikimbia, hatua ndogondogo, karibu hazisikiki. Akatupita bila kutuangalia. Alikwenda tena, akageuka, akafika kwenye ngazi, na badala ya kusimama akashuka nazo. Tulisikia hatua zikipungua, ghorofa ya pili, ya kwanza, kisha kelele za mtaa tu.

"Ramnik! Taratibu!" Jashoda akapiga kelele kutoka barazani, anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya sari. "Umeacha miwani yako!"

Nilidhani sasa Evarista atatulia. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima alikuwa anageuka kuangalia miguu ya watu. Karibu na soko akanishika mkono.

"Miaka kumi na saba nina meza, Agnesi. Wangapi walikwenda zao wakasema wamezeeka?"

Nikamwambia aache kujitesa, watu wana mambo mengi ya kuwaumiza magoti.

Jioni ile, nyumbani Buguruni, niliinama nikatoa sanduku chini ya kitanda. Mna jozi niliyoinunua kwake miaka minne iliyopita, ule mwaka nilioacha kutembea. Bado ni nyeupe pee. Niliingiza mkono nikabonyeza kisigino, nikabonyeza katikati, nikabonyeza mbele. Kote ubao.

Asubuhi nilimwomba jozi chafu, namba thelathini na tisa. Akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya mteja.