Nilivyowashukuru Wakwe wa Nyambura

Nilitimiza miaka arobaini Jumamosi ile, na nakiri bila kuficha jinsi nilivyojiaibisha.

Tulipokuwa wasichana misheni, mimi, Nyambura na Muthoni tulikumbukana siku za kuzaliwa kwa chai ya sukari nyingi na kumwagiana maji. Kisha tukaolewa, mimi Ruiru, wao Thika, na siku hizo zikawa zinapita kimyakimya. Kwa hiyo Nyambura aliponitumia ujumbe, "Jumamosi njoo kwangu, na uvae vizuri," machozi yalinitoka. Kumbe wamenikumbuka!

Nilishona gauni jipya la maua. Nikakosa gari moshi la asubuhi, nikafika mchana nikihema. Nyumba ilijaa wazee walioketi kimya, nyuso zimekunjamana. Nikadhani wamechoka kuningoja. Nikasimama katikati yao.

"Asanteni sana! Sikujua mnanipenda hivi. Leo ni siku yangu!"

Mzee mmoja mgeni akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama, sisi tumekuja kuposa binti wa nyumba hii. Ndiye wewe?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Hapana, baba," nikasema, "mimi nimezaliwa leo."

Mzee akaangua kicheko, wenzake wote wakamfuata, na mazungumzo yaliyokuwa yamekwama tangu asubuhi yakafunguka. Nyambura na Muthoni wakanikumbatia mbele ya wakwe, wakanipigia vigelegele vitatu, vile ambavyo kwetu humpokea mtoto wa kike anapozaliwa.