Wifi Anajifunza Dansi

Wifi yangu aliponiambia anataka kwenda kujifunza dansi kila Jumamosi saa kumi, nilinuna mpaka chai ikapoa mkononi. Kaka yangu ana mwaka wa tatu tangu kiharusi kimpige upande wa kulia, hainuki bila kunyanyuliwa, halafu mkewe anataka kucheza? Nilimuuliza kama akili zake ni timamu. Akanijibu bila kupandisha sauti kwamba mgongo umemshinda. Kutwa yuko kwa dobi anapiga pasi mashuka, akirudi nyumbani anamnyanyua mwanamume mtu mzima, kitandani, kwenye kiti, chooni, kitandani tena. Nesi amemwonya kwamba asipoufanyisha mwili mazoezi watalala wote wawili. Na mazoezi ya kurukaruka peke yake hayataki, anataka yenye muziki. Nikakubali kwa shingo upande kuja kukaa na kaka saa hizo.

Kusema kweli nilikuja kumlinda kaka, na wifi nimchunge. Lakini cha kuchunga hakikuwepo. Anaondoka na chupa ya maji, anarudi amelowa jasho, na usoni amepungua miaka kama mitano hivi. Kilichonisumbua ni kaka. Kila wifi akianza kufunga kamba za raba zake, kaka anageuza uso ukutani. Wifi aliliona hilo. Akawa anazifungia kamba jikoni, kama mtu anayeiba sukari.

Jumamosi ya nne alirudi mapema. Akakaa kwenye kigoda jikoni, raba miguuni, akanisimulia huku ameinamisha kichwa. Mwalimu alimpanga na muuza mitungi ya gesi, baba mmoja mpole wa kilo mia na ushei. Muziki ulipoanza, wifi hakumshika mkono wala bega. Mikono yake ilipita yenyewe chini ya makwapa ya yule baba, ikakutana mgongoni, goti likajipenyeza katikati ya magoti yake, na kabla hajajijua akawa ameshahesabu moja, mbili, tatu, akamnyanyua. Viatu vya baba wa watu vikaachana na sakafu. Ukumbi mzima ukasimama. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba pale hakuna mgonjwa, amwache mwenzake amwongoze. Akajaribu, akashindwa. Aliniambia amesahau namna ya kushikwa.

"Siendi tena," akasema. "Mume wangu anaumia, na mimi mwenyewe siwezi."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na roho iliniuma.

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Nilipoingia nilimkuta kaka ameuelekea ukuta, mabega yanatikisika. Nikadhani analia, nikamgeuza haraka. Alikuwa anacheka, machozi yanamchuruzika hadi kwenye mto.

"Kilo mia," akasema kwa ule ulimi wake mzito. "Kamnyanyua."

Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akanishika mkono, akalitafuta kila neno kabla ya kulitoa.

"Nilidhani amenichoka, dada. Nilidhani anakwenda kumtafuta asiyebebwa."

Nilimfuta uso kwa ncha ya kanga yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuja vilevile. Saa tisa na nusu ilikuwa zamu ya kumtoa kaka kitandani na kumkalisha kwenye kiti. Wifi alikuwa miguu mitupu, raba amezisukumia chini ya meza. Akainama, akaanza kupitisha mikono makwapani kama siku zote. Kaka akamzuia. Akaupeleka mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauweka mgongoni kwa mkewe.

"Leo usihesabu wewe," akasema. "Nahesabu mimi. Halafu ukavae raba zako."

Akahesabu. Tatu yake ilichelewa sana, na wifi akaisubiri. Wakainuka pamoja wakitetemeka, wakapiga hatua moja ndogo ya kugeuka, wakatulia, wakapiga nyingine. Wifi alikuwa amefumba macho, kipaji cha uso kimeegemea bega la mumewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukishikilia kiti kisiteleze. Walikuwa wameshakifikia. Nikakivuta nyuma kidogo, wapate hatua nyingine.