Siku Niliyofuta Akili za Wagiriki

Jumatatu, tarehe 2 Februari 2015. Asubuhi jua kali, mchana mvua ya mawe. Ndivyo daftari langu linavyosema kuhusu siku yangu ya kwanza ya kazi ya usafi katika chuo kimoja hapa Johannesburg. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, fundi cherehani ambaye macho yamegoma kutunga uzi, na shule yangu iliishia darasa la sita kule Bukavu. Nikikosea mahali, vijana mnisamehe.

Supavaiza wetu, mama wa Tanga, ndiye aliyenifundisha. Mopu ya choo haiingii darasani. Dasta, yaani kifutio, hukung'utwa nje. Na maandishi yaliyozungushiwa chaki nyekundu hayafutwi, hata dunia ipinduke.

Mwalimu wa falsafa alikuwa Mkenya. Kila alipomaliza somo niliunakili ubao wake, maana alichora watu, nami napenda picha. Siku moja alinikuta, akanieleza kwamba Wagiriki wa kale walibishana akili inakaa wapi. Mmoja alisema ni damu iliyouzunguka moyo. Mwingine alisema roho ni hewa. Mwingine akashikilia kuwa ni ubongo. Na yupo aliyesema roho kavu ndiyo yenye hekima. Ya mlevi imelowa. Hiyo nilimpelekea jirani yangu mpenda pombe jioni ileile. Hakufurahi.

Mwaka 2017 nikakosea. Tayari nilikuwa na onyo moja la maandishi. La pili ni kufukuzwa. Mchana nilinakili ubao kama kawaida, kisha mwalimu akauzungushia chaki nyekundu. Jioni, nikiwahi taksi kabla ya mvua, nilifuta wote, ndipo nikaona wekundu kwenye dasta. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Siwezi kumsingizia mtu. Lilikuwa somo la mwisho kabla ya mtihani.

Asubuhi nilikiri mwenyewe. Supavaiza akanipeleka kwa mwalimu. Nilifungua daftari, nikapewa chaki, nikachora yote mbele ya wanafunzi: moyo na damu yake, pua na hewa yake, kichwa. Pembeni niliacha nafasi.

"Hapa sikuweza kusoma, mwalimu."

"Hata mimi sijui niliandika nini hapo," akasema. Darasa likacheka.

Nje, supavaiza alinigeukia. "Mzee, Wagiriki wameitafuta akili kwenye damu, kwenye hewa, kwenye kichwa. Yako iko kwenye daftari. Onyo siandiki. Ila vyoo vya wiki hii ni vyako."

Ilikuwa haki. Niliviosha.

Siku ya kustaafu, mwaka 2019, niliingia darasa lile na dasta yangu. Ubaoni alichorwa mzee, kifuani pake daftari, na chaki nyekundu imemzunguka. Niliiweka dasta mezani. Sheria ni sheria. Nikazima taa, nikaondoka, na ubao wangu wa mwisho sikuufuta.

Nyumbani Yeoville mke wangu alisema Wagiriki wote wamekosea, akili ya mumewe iko tumboni. Huenda. Tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ndakala wa kukaanga, nami nikaongeza mara mbili.