Jogoo wa Baba Mkwe Ndani ya Mkate

Kwa miaka miwili nilichoma kuku kila Jumamosi bila kujua ladha yake. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu hasira bado ninayo, na hasira hiyo ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni shamba la Mzungu nje ya Eldoret, mji ambao watu wa rika langu waliuita Sisibo. Wazungu waliupa namba ya shamba kabla hawajaupa jina, sitini na nne, nasi tulipowasikia wakitamka "siksti fo" yao tukapata Sisibo na ikatutosha. Niliajiriwa pale kama yaya. Watoto walipopelekwa shule ya bweni, memsahib, bibi mwenye nyumba, hakunifukuza. Alinisukumia jikoni nimsaidie mpishi, mwanamume wa kofia nyeupe ambaye hakutaka kabisa kusaidiwa na mwanamke.

Memsahib alizaliwa katika visiwa fulani vya joto, mbali sana. Kila Jumamosi, wageni walipokuja kucheza tenisi, alitaka chakula cha utoto wake: kuku wa kuchomwa juu ya makaa, akatwe vipande vyembamba, atiwe ndani ya mkate wenye siagi pamoja na nanasi lililochomwa. Alikiita sandwichi. Makaburu wa mashamba ya jirani walimcheka kwa kuchanganya matunda na nyama, lakini sikuwahi kuona sahani ikirudi jikoni na kitu. Siku ya kwanza nilipoinua kidole nilambe mchuzi ulionimwagikia, memsahib alikuwa nyuma yangu.

"Wewe hapana onja," alisema kwa Kiswahili chao kile cha kuamuru. "Nusa tu."

Basi nikawa mpishi wa pua. Nilijua nanasi limeiva kwa harufu ya sukari yake inapoanza kuungua, na nilijua kuku yuko tayari mafuta yakidondoka na moshi ukabadilika. Chumvi niliikisia. Wageni wakasifu, memsahib akapokea sifa, nami nikaosha vyombo.

Upande wa pili wa hasira ni kwetu, magharibi, ng'ambo ya mto Nzoia. Kwetu mwanamke hakula kuku. Alimfuga, alimkimbiza uani, alimnyonyoa, alimpika, kisha alimpelekea mwanamume mezani na kurudi jikoni kula mboga. Tuliambiwa kuku ni mchungu kwenye kinywa cha mwanamke, na kwamba mke akimla atatangatanga kama kuku, hatatulia kwa mumewe. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Firigisi, ambayo kwetu huitwa imondo, ilikuwa ya mwenye nyumba, na mgeni wa heshima akifika aliwekewa yeye. Mke aliyepeleka kuku mezani bila firigisi alikuwa amemtukana mumewe mbele ya watu. Wamishonari walipokuja walihubiri kwamba Mungu hakumkataza mwanamke kuku. Wazee wetu wakaitikia amina kanisani, kisha wakarudi nyumbani na kula peke yao kama kawaida.

Kwa hiyo kule nilikatazwa kwa kuwa mweusi, na huku kwa kuwa mwanamke. Kuku ni yule yule.

Mume wangu alikuwa karani katika ghala la mahindi la reli. Tulikaa katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia na kibaraza cha kuwekea jiko. Alikuwa mtu mpole na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa bosi wake. Tatizo lake lilikuwa moja tu, alimwogopa baba yake. Tulikuwa tumeoana miaka miwili na hatukuwa na mtoto, na kwao mambo hayo hayakuchukuliwa kama bahati mbaya. Barua ilipofika kwamba wazazi wanakuja, wote wawili tulijua wanakuja kuangalia nini.

"Pika vizuri tu," mume wangu aliniambia. "Na usiongee sana."

"Mimi huongea sana lini?"

Alinitazama, akacheka, nami nikacheka, ingawa niliogopa. Mke asiye na mtoto ni rahisi kumrudisha kwao. Hakuna wa kumlilia mlangoni.

Walishuka kwenye treni Ijumaa mchana. Baba mkwe, mzee wa kanisa mwenye koti zito na fimbo, alikuwa amembeba jogoo kwapani. Mama mkwe alifuata nyuma na kikapu kichwani chenye mananasi mawili na mapapai mabichi, kwa maana baridi ya Sisibo haitoi matunda hayo na alijua tutayafurahia. Jogoo alikuwa mzee. Kucha zake zilikuwa zimejikunja.

"Huyu ni wa kesho," baba mkwe alisema. "Mimi na mwanangu tutamla tukizungumza."

Watakachozungumza hakukitaja, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi ya Jumamosi mume wangu alimchinja jogoo kabla ya kwenda kazini. Memsahib nilimtumia habari kwamba nina wageni. Mimi na mama mkwe tukakaa kibarazani tukinyonyoa manyoya. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye meno machache na mikono isiyopumzika. Alimbonyeza jogoo pajani akatikisa kichwa.

"Huyu hata ukimchemsha mpaka jioni hataiva," alisema. "Wazungu wenu wakipata mzee kama huyu wanamfanyaje?"

Nikamweleza juu ya makaa, nanasi na mkate. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayetaka kukumbuka. Kisha nikamuuliza swali ambalo hata mimi sikujua ninalo.

"Mama, wewe umewahi kumwonja?"

Mikono yake ikasimama. Aligeuka akatazama upande wa pazia, ambako mzee alikuwa amelala, kana kwamba nimemuuliza kama aliwahi kuiba.

"Nani? Mimi?" alinong'ona. "Nimempika tangu nikiwa msichana, mwanangu. Kumwonja ni mambo ya wengine."

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilimwona vizuri, nywele zake nyeupe, vidole vyenye manyoya ya kuku, nikajiona mimi mwenyewe nikikaa vile vile baada ya miaka arobaini. Nikasema moyoni, hapana. Jogoo huyu nitampika kwa jinsi ninavyojua mimi.

Nilimtoa mifupa yote, kazi ambayo mpishi wa kofia alinifundisha kwa kununa. Nikaparuza papai bichi, maana utomvu wake hulainisha hata nyama iliyokataa, nikampaka pamoja na chumvi, pilipili na limau, kisha nikamfunika. Wakati akilala humo nilimenya nanasi na kulikata miviringo. Makaa yalipokuwa mekundu bila moto, niliweka juu yake wavu wa waya ambao memsahib aliutupa kwa sababu ya kutu, nami nikausugua kwa majivu mpaka ukang'aa. Kuku akaanza kuimba. Nilipoweka nanasi kando yake, harufu ikaenda landi nzima, na majirani wakaanza kupita na kusalimu bila sababu.

Firigisi niliisafisha, nikaichoma peke yake. Sasa nitasema ukweli. Kwa memsahib hakuna kipande chenye mwenyewe. Kila kilichotoka motoni kilikwenda ubaoni, kisu juu, kikachanganywa. Mkono wangu ulizoea hivyo. Nilikuwa nikikata na kuwazia mkate, na nilipotazama chini firigisi ilikuwa vipande vinne. Ningeweza kuacha pale, kuviokota na kumpangia mzee sahani yake. Mama mkwe naye aliona, akaziba mdomo kwa kiganja. Tulitazamana. Kisha nikashika kisu vizuri nikaikatakata mpaka haikujulikana tena ni nini, nikaichanganya na kuku wote na nanasi lote. Mkono ulikosea, lakini moyo ulikubali.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini saa saba tayari nilikuwa nimejaza mikate minne minene, iliyopakwa siagi na kukaushwa kidogo juu ya wavu. Niliipanga kwenye sahani kubwa, nikaiweka mezani mbele ya wanaume wawili. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa pazia, mahali petu. Baba mkwe aliomba kwa muda mrefu. Aliombea safari, mfalme wa Wazungu, na tumbo langu. Alipomaliza alivuta mkate mmoja, akaufunua kwa kidole na kuanza kutafuta. Akaufunika. Akafunua wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne.

"Imondo iko wapi?"

"Iko ndani, Baba," nilisema.

"Ndani ya upi?"

"Ndani ya yote."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nje kulikuwa na kelele za mabehewa yakiunganishwa, na nakumbuka nilitamani yaendelee ili nisisikie kinachofuata.

"Yaani umeikata?"

"Nimeikata, Baba."

"Sasa mimi nitajuaje nimekula yangu?"

"Huwezi kujua, Baba. Hata mimi siwezi."

Aliweka fimbo juu ya meza. Hakupaza sauti, na mtu asiyepaza sauti ananitisha zaidi. Alizungumza na mwanawe kana kwamba mimi nimeshatoka chumbani.

"Miaka miwili hakuna mtoto. Leo amenilisha kama mbwa, takataka zimechanganywa. Mwambie afunge nguo zake. Kesho tunapanda naye treni, tunamrudisha kwao."

Nilimngoja mume wangu aseme. Aliendelea kutazama meza. Nilikuwa na hofu, na nilimchukia kwa kunyamaza kwake. Na katikati ya hofu hiyo nikaona kitu cha wazi kabisa. Kama nimeshafukuzwa, nini tena kinaweza kukatazwa? Nikavuta kiti kilichobaki, nikakaa mezani, mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halikuwa limewahi kuonekana. Nikachukua mkate mmoja.

"Baba, kama narudishwa kwa sababu ya kuku, basi acha nirudi nikiwa nimemla."

Nikauma.

Sijui niseme nini juu ya ladha ile. Kwanza moshi, kisha chumvi, kisha nanasi likapasuka na utamu wake mkali ukapita katikati ya vyote, na nyama ya mzee yule mwenye kucha za kujikunja ilikuwa laini. Ilikuwa kazi yangu. Miaka miwili watu wengine walikuwa wakiniambia ni tamu, na leo nilikuwa nimejua mwenyewe. Nilitaka kulia, lakini nilikataa kulia mbele yake, nikauma tena.

"Unamwona?" baba mkwe alimwambia mwanawe. "Unamwona mke wako?"

"Namwona, Baba," mume wangu alisema. Akanyoosha mkono polepole, akachukua mkate wa pili. Hakumwangalia baba yake. Alikula akinitazama mimi, makombo yakidondoka kwenye shati lake la kazini.

Hapo pazia likasogea. Mama mkwe alitoka amesimama wima, amejifuta mikono kwenye leso. Mume wangu aliinuka haraka akamwachia kiti chake. Alikaa. Naamini ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa meza moja na mumewe. Aliangalia ile mikate miwili iliyobaki kwa muda, kama anayechagua kitambaa dukani, kisha akachukua mmoja.

"Wewe!" baba mkwe alisema. Ndilo neno pekee alilolipata.

Mama mkwe alitafuna kwa yale meno yake machache, taratibu sana, upande mmoja halafu upande wa pili. Tulimngoja sote watatu. Alimeza. Akafumba macho, akayafumbua, na alipomgeukia mumewe nilishtuka, kwa sababu sikuwa nimejua kwamba uso ule unaweza kukasirika.

"Ulisema ni mchungu," alimwambia.

Mzee akaisogeza fimbo yake mezani.

"Nilikuwa msichana, nikakuamini. Nikawafundisha binti zetu wote watano kwamba ni mchungu. Mmoja wao amekufa bila kujua." Akafuta makombo mdomoni kwa leso. "Kesho mnampeleka huyu kwa baba yake. Haya. Na mimi je? Nimekula kama yeye. Wazazi wangu walikwisha kufa, wote wawili. Mimi utanirudisha kwa nani?"

Akaendelea kula. Baba mkwe aliitazama fimbo yake, akamtazama mwanawe aliyesimama, akatutazama sisi wawili tuliokaa. Hakuna aliyeinuka kufunga nguo zangu. Ilikuwa saa nane sasa, mzee alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi, na kwenye sahani ulikuwa umebaki mkate mmoja.